Pindo la Mkeka wa Bi Sada

Dar es Salaam,
3 Machi, 1975

Mpendwa Mama Mdogo Mboni,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na Mama, na majirani wote wa hapo Tingi. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anawasalimu sana. Joto ni kali na maji ya bomba yanakuja yanapotaka yenyewe, lakini kazi za taifa hazingoji hali ya hewa.

Lengo hasa la barua hii ni kukujulisheni kwamba nimepewa jukumu zito. Mwezi ujao nitaongoza ziara ya wageni wanne kutoka nchi rafiki, wataalamu wa ufumaji na usukaji. Tutaanzia Rondo kuona wasokotaji wa pamba, kisha shamba la mkonge nje ya Lindi, kisha Kiranjeranje, na mwisho tutafika hapo Tingi kukagua Kiwanda cha Mikeka cha Kijiji.

Mama Mdogo, nazungumza na wewe waziwazi kwa kuwa wewe ndiwe mwenye kauli mbele ya wanawake wenzako. Msinitie aibu. Nimekulia juu ya mikeka yenu na naijua: huu mrefu, ule mfupi, huu rangi tatu, ule rangi ya tope. Mtu akiulizwa vipimo anapima kwa mkono wake, na mikono haifanani. Hayo ndiyo yanayoturudisha nyuma. Nataka mikeka iliyolingana, na mmoja mkubwa wenye maneno KARIBU MGENI kwa herufi nyekundu, utakaotandikwa pale wageni watakaposhukia.

Jambo jingine ni dogo lakini lina uzito wake. Namwomba Mama siku hiyo asivae kaniki yake ya shambani, na tafadhali asiniite Kifuu mbele ya wageni. Jina la utotoni lina mahali pake.

Sitaweza kulala hapo, maana wageni wataandaliwa malazi kwingine, lakini tutaonana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Nassibu Abdurahmani


Tingi,
21 Machi, 1975

Mwanangu Nassibu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa chepechepe. Nadhani iliuvuka Rufiji kwa kuogelea, maana kivuko hakifanyi kazi kwa mafuriko. Nimeianika juani ndipo nikaisoma, na hii ninaiandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima kimenifaa. Zamani nilimwomba mwalimu aniandikie, naye alikuwa ananipunguzia matusi.

Mkeo msalimie, mwambie ndizi nitaleta nikija. Mama yako hajambo kiasi. Ana kikohozi kinachomwamsha alfajiri na kumwachia jua likishapanda. Amenikataza nisikuandikie habari za kikohozi, kwa hiyo sijaandika.

Sasa tuje kwenye jukumu lako zito. Hicho Kiwanda cha Mikeka cha Kijiji nimekitafuta Tingi nzima, sikukiona. Ikabidi nimuulize Mwenyekiti Huseni, naye akanionyesha kwa kidole. Kumbe ni stoo ya mbolea! Wameifagia, wakapiga chokaa, wakaandika KIWANDA mlangoni. Ndani bado panatoa machozi kwa ule mvuke. Wageni wako wakilia wakiwa humo usidhani ni furaha.

Wasukaji wa kiwanda hicho ndio sisi, ila hatujawahi kukaa humo hata siku moja. Kila mtu anasuka ukili wake kibarazani kwake, utepe kwa utepe hadi utoshe mkeka, anapopata ukindu. Na ukindu wenyewe, tangu mlipotuleta hapa barabarani, umebaki kule kule Mtoni tulikokuwa, mtu anatoka alfajiri anarudi adhuhuri akiwa na kitita kimoja kichwani. Andika na hilo kwenye taarifa yako, kama lina nafasi.

Mkeka wako wa KARIBU MGENI tunausuka. Herufi zimetutoa jasho. Ile G tulipoisuka mara ya kwanza ilitoka kama kuku aliyelala, tukaifumua. Mwenyekiti anapita nyumba kwa nyumba kuhesabu mikeka, anavyotuangalia utadhani yeye ndiye aliyeizaa.

Mama yako alicheka hadi akapaliwa aliposikia hutaki kuitwa Kifuu. Halafu akauliza, "Lakini atakuja kulala nyumbani?" Nikamwambia barua inasema hapana. Akasema labda ulikosea kuandika. Amemfungia jogoo mmoja chini ya tenga na anamlisha pumba, nami namtazama tu.

Mimi mama yako mdogo,
Mboni


Lindi,
26 Aprili, 1975

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni hapa Lindi, tulikorudi kulala, kesho tunaanza safari ya kurudi Dar es Salaam. Sote ni wazima ingawa mgeni mmoja tumbo limemchafuka. Natumai Mama na wewe hamjambo.

Ziara imekwenda vizuri kuliko ilivyostahili. Kule Rondo tulionyeshwa bibi mmoja aitwaye Magdalena anayesokota pamba kwa kijiti, akikivingirisha pajani. Uzi wa shuka moja unamchukua msimu mzima, na shuka lenyewe halimtoshi mtu. Wageni walipiga magoti mchangani wakampiga picha, mmoja akataka kumbusu mikono. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Shamba la mkonge ndiko kwenye kazi ya maana, mashine inanguruma, katani inatoka imenyooka, na huko hawakupiga picha hata moja! Kiranjeranje walitupangia vikapu vya miyaa ambavyo hakuna viwili vilivyofanana. Nikamuuliza mmoja wao kwa nini, akanijibu kwamba hata watoto wake hawafanani. Hayo ndiyo majibu.

Kwa upande wa Tingi nawapa pongezi za KARIBU MGENI. Ndio mkeka pekee niliousimamia kichwa wima, na nimeupa nafasi ya kwanza. Nimemwagiza Mwenyekiti aufungie stoo hadi gari litakapokuja kuuchukua kwa maonyesho ya Saba Saba.

Lakini mikeka mingine, Mama Mdogo! Nadhani ulinisikia kwenye mkutano. Kulikuwa na mmoja ambao sijui Mwenyekiti aliuokota wapi. Mweupe mtupu, hauna hata ukili mmoja wa rangi, mwembamba wa kumtosha mtu mmoja tu, na upande wake mmoja haukupindwa kabisa, ncha za ukindu zinaning'inia kama ndevu za beberu. Niliunyanyua juu makusudi, nikasema, "Ndugu zangu, tazameni uvivu ulivyo. Mtu ameanza kazi, ameona imekaribia kwisha, akaenda kulala." Wageni walicheka. Watu wa kijiji walikaa kimya, ishara kwamba somo liliwaingia. Nimeuchukua niende nao Dar es Salaam, utatumika katika mafunzo kama mfano wa kazi mbovu.

Mama nilimwona nyuma ya umati, nikampungia mkono. Sijui kama aliniona, maana hakunipungia. Ratiba ilibana sana, sikuweza kufika nyumbani, ila tulipopita mbele ya nyumba nilimwambia dereva apige honi.

Wako,
Nassibu


Tingi,
19 Mei, 1975

Nassibu,

Marahaba. Honi tuliisikia. Jogoo alishtuka akapindua tenga, akakimbilia mihogoni, tangu siku hiyo hajaonekana.

Mkeo hajambo? Huku mvua zimetulia na watu wanapalilia. Mjukuu wa jirani ametoka jandoni salama. Mama yako yupo.

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa yeye alinizuia. Kila nilipochukua kalamu aliniambia, "Mwache, yuko kazini." Leo amelala mchana, kwa hiyo nakuandikia.

Ule mkeka uliounyanyua ni wa mama yako.

Soma tena hapo kama hukuelewa. Mkeka wa uvivu, wa ndevu za beberu, wa mtu aliyekwenda kulala, ni wa Sada, mama yako mzazi, aliyekuzaa peke yako na hakupata mwingine. Mwenyekiti Huseni alipungukiwa na mikeka ya kukuonyesha, akaingia nyumbani sisi tuko shambani, akauteremsha darini ulipokuwa umefungwa kwenye kanga. Yeye ni mtu wa kuja, mila ya nyumba yetu haijui. Lakini wewe je? Ulizaliwa wapi, kwenye ratiba?

Kwetu sisi mwanamke anajisukia mwenyewe mkeka wa kutokea duniani. Anausuka mweupe, bila rangi, wa mtu mmoja, kwa kuwa anayefunikwa nao jenezani ni mmoja. Na upande mmoja anauacha bila pindo. Pindo hilo halishoni yeye. Analishona mwanawe wa kwanza siku yenyewe ya msiba, kabla jeneza halijatoka, ndipo mkeka unahesabiwa umekwisha. Baada ya maziko unapelekwa msikitini, watu wanausalia. Hivyo ndivyo alivyotoka bibi yako Kherubanu, na mama yako ndiye aliyeshona. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi hata tundu la sindano halioni, na wewe ndiye uliyemtungia uzi. Hukuwa mtoto mdogo. Ulikuwa na akili zako, au nasi tulidhani hivyo.

Siku ile mkutanoni nilisimama nikutukane mbele ya wazungu wako, mama yako akanivuta nguo nikakaa. Uliponyanyua mkeka wake juu kama paka aliyekufa, alijifunika kanga mdomoni. Ndiyo sababu hakukupungia, mkono wake ulikuwa na kazi.

Sina maneno mengi zaidi. Mkeka urudishe.

Mboni


Dar es Salaam,
16 Juni, 1975

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa utulivu, ingawa haikuandikwa kwa utulivu. Sisi hatujambo. Mke wangu ameanza zamu za usiku hospitalini.

Kwanza nasikitika kwamba jambo dogo limekuzwa kiasi hiki. Mkeka ulikuwa katika rundo la kiwanda, nami niliukuta humo. Mtu hawezi kutazama kitu kilichowekwa kwenye maonyesho akajua kilitoka dari ya nani. Kama lipo kosa, ni la Mwenyekiti wenu, mliyemchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono.

Pili, Mama Mdogo, tuko mwaka wa sabini na tano. Nchi inajenga viwanda, na ninyi mnahifadhi mikeka ya kufia darini! Hakuna kitabu kinachosema maiti haendi bila mkeka aliousuka mwenyewe. Muulizeni Mwalimu Fakihi hapo msikitini, atawaambia sanda na dua vinatosha. Mama bado ana nguvu zake. Mtu mwenye uhai apewe vitu vya uhai, na ndiyo maana namtumia blanketi zito na maziwa ya kopo kwa mkono wa kondakta wa basi.

Hata hivyo mkeka uko salama stoo, na nitafuatilia utaratibu wa kuurudisha. Ni mali iliyokwisha kuandikishwa, haitoki kwa mtu kusema tu nataka. Kuna hatua.

KARIBU MGENI uko katika hali nzuri? Gari litakuja wakati wowote kabla ya Saba Saba. Mwambieni Mwenyekiti aukinge na panya.

Kikohozi cha Mama kikoje? Uliandika kwamba hukuandika, nami sikuelewa.

Wako,
Nassibu


Tingi,
9 Julai, 1975

Nassibu,

Marahaba. Saba Saba imepita. Gari lako halikuja. KARIBU MGENI bado uko stoo, umening'inizwa kwa kamba panya wasiufikie, na Mwenyekiti amepiga kufuli. Mikeka yetu mingine yote ilibebwa na watu wa ushirika kwenda kuuzwa, nasi tunalalia majamvi yaliyotoboka. Kijiji kizima hakina mkeka mzima isipokuwa huo mmoja wa kumkaribisha mgeni asiyekuja.

Blanketi limefika. Zito kweli kweli. Joto la huku unalijua, au nalo umelisahau? Mama yako alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu ananikumbuka," akalikunja akaliweka pembeni. Mimi nilitaka nimfunike nalo mbuzi. Maziwa anayanywa.

Kikohozi ulichokiulizia sasa nakiandika, maana kimeshajiandika chenyewe. Tulimpeleka Kivinje hospitalini, akalazwa, wakamhudumia vizuri, kisha wakaturudishia wakasema akae nyumbani apate mapumziko. Unaelewa mtu mzima anapoambiwa hivyo. Amebaki mifupa na macho. Mkono hauwezi tena kubana ukili, nilimpa ajaribu ukamponyoka. Nikamwambia, "Dada, acha mimi nikusukie mwingine." Aligeukia ukutani.

Mwalimu Fakihi tumemuuliza kama ulivyoamrisha. Amesema kweli, sanda na dua vinatosha. Halafu akauliza, "Lakini kwa nini asiurudishe?" Jibu la hapo mimi sinalo, labda wewe unalo kwenye hatua zako.

Dada yangu hataki dawa wala uji hadi kwanza aniulize, "Basi limepita? Limeshusha kitu?" Kila siku nakwenda barabarani kama kichaa kumsubiri kondakta. Nimechoka kurudi na mikono mitupu.

Sikuulizi hatua. Nakuuliza neno moja tu. Mkeka uko wapi?

Mboni


Dar es Salaam,
30 Julai, 1975

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai Mama amepata nafuu.

Naandika kwa haraka. Kuhusu lile suala la mkeka, imebainika kwamba wakati wa mafunzo ya mwezi Mei uligawanywa kwa madhumuni ya kufundishia. Yaani ulikatwa. Si mimi niliyeshika mkasi, ni wakufunzi, na mimi ndiye niliyewapa kwa nia njema kabla barua yako haijanifikia. Niliposema uko salama stoo nilikuwa na maana kwamba vipande vyote vipo stoo, hakuna kilichopotea.

Nimevikusanya mwenyewe na nitavituma vyote kwa basi mara karatasi za kuvitoa zikisainiwa. Mnaweza kuviunganisha kwa uzi imara, na kwa kuwa ukindu wake ni mzuri haitaonekana sana. Ukindu ni mzuri kweli, nilikuwa sijauangalia kwa karibu.

Mama asiambiwe habari za mkasi. Mwambie nitakuja mfungo wa Ramadhani nikimaliza ziara ya Bukoba, kuna wageni wengine wanataka kuona vikapu. Nilijaribu kumwomba mkubwa wangu mtu mwingine aende badala yangu, lakini sikumweleza sababu. Ningemwelezaje?

Usimwambie.

Nassibu


Tingi,
24 Agosti, 1975

Mwanangu Nassibu,

Marahaba ya shikamoo utakayoniandikia. Mkeo alifika kwa basi la Jumanne akalia na sisi, akakaa chini na wanawake, akapika, akaosha vyombo. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau, hakunipa nafasi. Atakuwa ameshakueleza, lakini nataka uyapate na kwangu, bila kupunguziwa.

Mama yako alifariki Alhamisi, tarehe kumi na nne, jua likichomoza. Simu ya maandishi tuliipeleka Masoko asubuhi ile ile. Ofisini kwako wakajibu kwamba umesafiri ziarani. Tukamzika baada ya alasiri. Nani angekungoja, na wewe uko Bukoba unaonyesha watu vikapu?

Barua yako ya mkasi ilikuwa imefika siku chache kabla. Nilimsomea. Nilipofika kwenye mkasi nikaruka, nikamwambia mkeka uko njiani. Unaona hata mimi umenifundisha kusema uongo, na katika kitanda cha dada yangu. Akafurahi. Akauliza, "Pindo hajaligusa?" Nikasema hajaligusa. Akasema, "Kifuu wangu. Nilijua angeuleta." Na siku hiyo alikunywa uji bila kuulizia basi.

Sasa sikiliza alivyotoka. Nyumba nzima hatukuwa na mkeka wa kumfunika jenezani. Ule niliokuwa namsukia kwa kujificha haukufika hata nusu. Tumezunguka kwa majirani, kila nyumba ni jamvi lenye matundu. Basi Mwenyekiti Huseni akaenda kufungua kufuli lake, akarudi na mkeka begani, analia kama mtoto, anasema, "Huu ndio mzima pekee, Bi Mboni. Huu ndio uliopewa nafasi ya kwanza na mwanawe." Sikuwa na ubavu wa kukataa. Mkubwa mno kwake, ikabidi tuukunje pembeni, na maandishi yakabaki juu.

Hivyo ndivyo mama yako alivyopitishwa katikati ya Tingi. Alifunikwa KARIBU MGENI, herufi nyekundu. Wote waliohitimu kisomo walisoma jeneza likipita. Wasiojua kusoma waliuliza kilichoandikwa, wenzao wakainamisha vichwa. Baada ya maziko tuliupeleka msikitini kama desturi. Mwalimu Fakihi aliupokea, akautandika nyuma kabisa, maandishi yametazama chini.

Kifurushi chako kilifika siku ya hitima. Nilikifungua mbele ya wanawake, sikujua kilivyo. Kila kipande mmekibandika karatasi. HAKUNA RANGI. VIPIMO SI SAHIHI. HAUFAI KWA SOKO. Nilisoma mimi mwenyewe, kwa sauti, na kisomo changu, na wanawake wakanisikiliza kimya kama walivyokusikiliza wewe. Cha mwisho ni ule ukili wa pembeni wenye ncha zinazoning'inia, nao umeandikwa PINDO HALIKUMALIZIKA.

Karatasi zote nimezibandua nikawashia moto wa chai. Hiyo moja nimeiacha mahali pake.

Vipande nimeviunganisha. Nimevishona usiku na mchana kwa hasira, na mkono wenye hasira unabana vizuri. Umekuwa mkeka tena, una makovu lakini unatandikika. Upande mmoja umebaki wazi. Majirani wananiambia nipinde tu yaishe, ili nao uende msikitini ukae mbele, pale unapostahili. Nimekataa. Anayetakiwa kushona pindo hilo ana jina na ana mikono.

Usilete blanketi. Usilete maziwa wala gari la serikali, na ukifika hapo barabarani usipige honi, shuka utembee kama watu.

Njoo na sindano. Uzi utautunga mwenyewe, ulishawahi kufanya kazi hiyo.

Mboni